Ghasia Zilizuka: Mtenda Aliyepotea katika Kiswahili cha Msimu wa Uchaguzi Jijini Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza Kiswahili kinavyotumika jijini Nairobi katika msimu wa uchaguzi wa rais, na jinsi matumizi hayo yalivyopenya katika uhakiki wa fasihi inayohusu uchaguzi. Inadaiwa kwamba lugha rasmi ya msimu huo humwondoa mtenda katika sentensi, ilhali usemi wa wakazi wa jiji humhifadhi kwa kiambishi wa- hata pale wasipoweza kumtaja. Riwaya ya Chozi la Heri na tamthilia ya Kigogo zinasomwa kama kazi zinazojaribu, kila moja kwa kiwango chake, kumrejesha mtenda huyo. Uhakiki wetu, hasa ule unaofundishwa shuleni na vyuoni, unasomwa kama unaomfuta tena.

Msimu na jina lake

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kisheria, basi, uchaguzi ni siku. Kwa anayeishi Nairobi ni msimu, nao una dalili zake muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Wenye maduka ya jumla katika River Road hupunguza shehena wanazoagiza. Mafundi wa vyuma hupata kazi ya kuimarisha milango. Mabasi yaendayo magharibi ya nchi hujaa abiria wasio na msiba wala harusi ya kuhudhuria, na nauli hupanda. Watoto hutangulizwa kwa nyanya zao wakiwa na nguo nyingi kuliko zinazohitajika kwa likizo ya wiki moja.

Hali hii haina jina katika Kiswahili chetu cha kitaaluma. Kilicho na jina ni kile kilichofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nacho tunakiita “ghasia za baada ya uchaguzi”. Istilahi hiyo ilitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na leo imo katika vitabu vya kiada, tasnifu na hotuba, kiasi kwamba mwanafunzi huiandika bila kuitazama. Nina shaka na kila sehemu yake. “Ghasia” ni neno la kelele na vurumai. Hata soko siku ya gulio huwa na ghasia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu, katika ripoti yake ya 2008, watu 1,133 waliokufa, 125 kati yao wakiwa Nairobi. Waliokufa kwa risasi, nchi nzima, walikuwa 405. Sidhani kuna mzungumzaji wa Kiswahili ambaye, akipewa takwimu hizo bila kuambiwa zinahusu nini, angezipa jina la ghasia. “Baada ya” nalo linachora mpaka wa wakati ambao ripoti hiyohiyo haikuuona: ilieleza kwamba mahali pengine mashambulizi yalikuwa ya papo kwa hapo na mahali pengine yalipangwa, na ikafuatilia mizizi yake hadi miaka ya 1990.

Hata hivyo, kinachonishughulisha hapa zaidi ni kitenzi kinachoandamana na istilahi hii. Ghasia za baada ya uchaguzi, karibu kila zinapotajwa, “zilizuka”.

Sarufi ya kutoonekana

Tuchukue sentensi tano za aina inayosikika katika taarifa za habari za saa moja usiku. Nimezitunga mwenyewe kwa kufuata ruwaza hiyo, ili zisifungamanishwe na chombo chochote:

(1) Ghasia zilizuka katika mitaa ya mabanda.
(2) Nyumba kadhaa ziliteketea.
(3) Damu ilimwagika.
(4) Watu watatu walipoteza maisha.
(5) Mamia ya wakimbizi wa ndani wamepiga kambi katika uwanja wa Jamhuri.

Sentensi hizi ni sanifu kabisa, na hilo ndilo tatizo lake. Kila moja inaeleza tendo la binadamu kwa binadamu mwenzake, na hakuna hata moja ambamo aliyelitenda anaonekana. Katika (1), zuka ni kitenzi cha kitu kinachotokea ghafla kisikotarajiwa; katika mnyambuliko wake tunapata mzuka, pepo anayejitokeza na kutoweka. Ghasia inayozuka haina mzazi. Katika (2) na (3) tuna teketea na mwagika, vitenzi ambavyo kiima chake ni kitu kilichofikwa na hali.

Yafaa kutofautisha jambo hili na kauli ya kutendwa, maana wahakiki wengi huyachanganya mawili haya. Nikisema “nyumba zilichomwa”, mtenda hayumo, lakini sarufi imemwachia mlango: naweza kuongeza “na majirani” au “na vijana waliokodiwa”, na sentensi ikapokea nyongeza hiyo bila kulalamika. Kauli ya kutendeka haina mlango huo. “Damu ilimwagika na polisi” si sentensi ya Kiswahili kwa maana tunayoikusudia. Msikilizaji wa (3) hawezi hata kuuliza “na nani?” bila kwanza kuibomoa sentensi na kuijenga upya kwa kitenzi kingine.

Wala hatuwezi kuilaumu lugha. Kiswahili kimetupa jozi kamili: kinachozuka kuna aliyekizusha, kilichoteketea kuna aliyekiteketeza, kilicholipuka kuna aliyekilipua, kilichomwagika kuna aliyekimwaga. Upande wa pili wa kila jozi upo, ni mwepisi, na kila mtoto wa darasa la kwanza anaujua. Ukiachwa, umeachwa na mwandishi.

Sentensi za (4) na (5) zinatisha zaidi, kwa kuwa zina mtenda. Katika (4) kiima ni watu waliouawa, na tendo wanalolitenda ni kupoteza, kana kwamba walikuwa na maisha yao mfukoni wakayaangusha njiani. Katika (5) tunalo jina la mtenda halisi kimofolojia: mkimbizi, kutokana na kimbia, kwa kiishio kilekile kinachotupa mwizi kutokana na iba. Katika msamiati mzima wa mwaka 2008, aliyefukuzwa amepewa nomino ya mtenda. Aliyemfukuza hakupewa nomino yoyote iliyodumu. Kuna waandishi wachache waliojaribu “waliofurushwa makwao”, maneno ambayo angalau yanaacha mlango wa kutendwa wazi. Hayakushinda. Ni marefu kwa kichwa cha habari, nadhani, lakini urefu si sababu pekee.

Mfano mwingine wa aina hii ni “risasi iliyopotea”. Agosti 2017, mtoto wa kike aliuawa kwa risasi huko Mathare akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Risasi haina kwenda wala njia ya kupotea. Ina aliyeifyatua na mahali alipokuwa amesimama. Lakini katika kirai hiki risasi ndiyo mtenda, na kosa lake ni lile la mgeni asiyeujua mtaa.

Msimu wa amani hutumia mbinu tofauti na hufika palepale. “Tudumishe amani”, “tukubali matokeo tusonge mbele”: hapa mtenda yupo, naye ni sisi. Nafsi ya kwanza wingi inawaunganisha katika kiambishi kimoja aliye na kikosi cha walinzi na mama anayeuza mboga Kawangware, na kuwagawia wajibu sawa. Mwaka 2013, kuanzia siku ya kura tarehe 4 Machi hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 30, wito huo ulirudiwa kiasi cha kuwa mzaha mitaani. Aliyedai haki, au aliyeuliza tu kura zimehesabiwaje, alionekana amejitoa katika ile tu-. Simaanishi kwamba wito wa amani ulikuwa wa hila. Wengi walioutoa walikuwa wamezika watu miaka mitano kabla. Ninachosema ni kwamba kiima chake kilikuwa kipana mno kuweza kumwajibisha yeyote.

Wametangaza?

Tukitoka katika lugha ya matangazo tukaingia katika usemi wa wakazi, hali inabadilika kwa namna ambayo sijaiona ikishughulikiwa. Mifano ifuatayo niliisikia katika ngazi za jengo la ghorofa ninamoishi, dukani, na ndani ya matatu, kati ya tarehe 9 na 15 Agosti 2022. Haitoshi kuitwa data. Ni vielelezo tu.

Siku sita hizo zilikuwa za aina yake. Shule zilikuwa zimefungwa. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeziweka fomu za vituo kwenye tovuti yake, kila mwenye simu akaweza kuzisoma, na stesheni za televisheni zikawa zinajumlisha kila moja kivyake na kupata jumla zisizolingana. Barabara za katikati ya jiji zilikuwa wazi kama siku ya Krismasi. Watu walikaa. Na waliposema, walisema hivi: Wametangaza? Bado. Wanangoja nini? Wamefunga barabara huko mbele. Wakitaka wataiba tu. Watatuambia wakiamua.

Hawa wa- ni akina nani? Katika sarufi ya kawaida kiambishi cha kiima hurejelea nomino iliyotajwa au inayoeleweka kutokana na muktadha. Hapa haikutajwa, na muulizaji akibanwa hawezi kuitaja. Wanaotangaza, wanaofunga barabara na wanaoiba si watu walewale. Hata hivyo msemaji anawatumia kiambishi kimoja, cha ngeli ya kwanza, ngeli ya binadamu. Angeweza kusema “barabara imefungika” au “matokeo bado hayajatoka”, alichagua “wamefunga”. Mkazi wa Nairobi hamjui mtenda kwa jina, lakini anajua kuwa ni mtu, na sarufi yake haikubali kusahau hivyo.

Alasiri ya tarehe 15 kiambishi hicho kilipasuka hadharani. Mwenyekiti wa tume alitangaza matokeo ukumbini Bomas, huku makamishna wanne kati ya saba wakiwa katika hoteli moja mjini wakiyakana. Katika jengo letu swali lilikuwa, “Wamesema nini?”, na jibu likawa, “Wepi?” Sijawahi kusikia swali la kiisimu lenye uzito kama hilo likiulizwa na mtu aliyebeba mtungi wa gesi.

Kuna swali jingine la msimu linalostahili kutajwa. “Utapigia kura wapi?” ni swali la mahali, na kokote kwingine lingekuwa swali la kupanga safari. Nairobi ni mji uliochipuka kutoka kambi ya reli mwaka 1899, na sehemu kubwa ya wakazi wake hutofautisha nyumba na nyumbani: nyumba ni chumba ulichopanga Umoja au Kasarani, nyumbani ni kule utakakozikwa. Kiambishi tamati -ni kimebeba mgawanyiko wote huo. Anayejibu “hapahapa” anajificha. Anayejibu kwa jina la kaunti amekwisha kutaja lugha ya mama yake na, kwa dhana ya msikilizaji, mgombea wake. Mwaka wa kawaida swali hilo huulizwa bila madhara. Mwezi Julai wa mwaka wa uchaguzi, mpangaji hulipima kabla ya kulijibu, hasa anapoulizwa na mwenye nyumba.

Maneno yaliyopigwa marufuku

Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno na misemo iliyoyaona kuwa ya chuki. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa, mende, wakuja, chunga kura, watajua hawajui na hatupangwingwi. Kwa mwanaisimu orodha hii ni hazina, na kama sera ya lugha ni dhaifu.

Neno madoadoa lilikuwa na historia. Doa ni neno la dobi, la shati jeupe. Likirudufishwa na kupewa ngeli ya wingi huwa ni uchafu uliotapakaa. Katika Bonde la Ufa lilitumiwa tangu machafuko ya mwanzo wa miaka ya 1990 kuwaita majirani wa kabila jingine, na anayeita kitu doa amekwisha kupendekeza kifanywe nini. Kuliorodhesha kulikuwa na sababu. Lakini watajua hawajui ni usemi wa mzaha ambao vijana huutumia hata katika mpira, na chunga kura ni amri inayoweza kutolewa na mwalimu wa uraia. Hatupangwingwi ilikuwa kaulimbiu ya kampeni iliyotokana na Sheng, na kuorodheshwa kwake kukafikishwa mahakamani. Umbo lake lenyewe linachekesha kidogo ukilichambua: ni kukanusha kwa kutendwa, “hatupangwi”, likaongezewa mkia wa mchezo wa sauti. Hatupangwi na nani? Hata kaulimbiu ya waasi ilikuwa imemwacha mtenda nje.

Tume ilitafuta chuki katika leksimu. Kama uchambuzi hapo juu una uzito, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vitenzi ambavyo hakuna tume inayoweza kuvipiga marufuku. Mtu anaweza kuyakwepa maneno yote ya orodha hiyo, akasimama jukwaani na kusema kwa Kiswahili cha kupendeza kwamba “hapa kukichafuka tusilaumiane”. Kuchafuka, tena kwa kiima cha mahali: ku-. Si mtu wala kitu kinachochafuka; ni mahali tu.

Riwaya moja na tamthilia moja

Fasihi ya Kiswahili ya Kenya haikunyamaza kuhusu haya. Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) na Kigogo ya Pauline Kea zilitahiniwa pamoja kama vitabu teule vya shule za sekondari kuanzia 2018 hadi 2022, na hivyo vijana wengi waliopiga kura ya kwanza Agosti 2022 walikuwa wamezisoma kwa kalamu mkononi. Ni vigumu kufikiria kazi nyingine za Kiswahili zilizosomwa na wapiga kura wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Chozi la Heri inaanza moto ukiwa umeshapita. Ridhaa amesimama mbele ya kilichobaki cha jumba lake, na yaliyotokea tunayapata kwa kumbukumbu. Muundo huu una gharama: msomaji anaingia katika “baada ya”, mahali palepale istilahi rasmi inapomtaka aingie. Yale majuma ya kabla, ya kupima majibu na kutanguliza watoto, yanapita kwa haraka. Lakini riwaya inafanya jambo moja ambalo sentensi zangu tano hazikulifanya. Inamtaja aliyeshiriki. Ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, ambaye jamaa zake walikuwa wamenufaika kwa ukarimu wa Ridhaa. Kwa kurasa hizo chache kitenzi kinarudi upande wa pili wa jozi: kuna aliyeteketeza, ana jina, ana umri, na tunajua alivyosalimiana na jirani yake. Nguvu ya riwaya nzima, kwa maoni yangu, imo hapo, kuliko katika wema unaotawala sehemu zake za mwisho. Kasoro ni kwamba Mzee Kedi hapewi nafasi ya kutosha. Tunajua alichofanya, tungetaka kumsikia akilijibu swali la nani alimwambia kwamba jirani yake ni adui, lini, na kwa maneno gani.

Kigogo inalijibu swali hilo la pili vizuri zaidi, ingawa kwa kurahisisha la kwanza. Vijikaratasi vya kuwataka watu wahame vinapotupwa Sagamoyo, na Tunu anapovamiwa na wahuni hadi akaumizwa mguu, tamthilia haituachi katika “kumezuka”. Inaufuata mkono uliotupa hadi kwa aliyelipa, na aliyelipa hadi ofisini kwa Majoka. Jukwaa lina faida hii: mhusika asiyetajwa hawezi kuingia. Lakini tamthilia ikishampata Majoka inatosheka. Ubaya wote unakaa katika kiti kimoja, na majirani wa Soko la Chapakazi wanabaki kuwa wa kuonewa au wa kununuliwa. Nikizisoma kazi hizi mbili pamoja naona nusu mbili za sentensi moja: riwaya ina jirani bila mlipaji, tamthilia ina mlipaji bila jirani.

Hakuna kati ya hizo inayoutaja mji wa Nairobi. Tuna Wahafidhina, tuna Sagamoyo. Desturi ya nchi za kubuniwa ina historia ndefu katika fasihi yetu na ina sababu zake. Kitabu kinachotarajia kuidhinishwa kwa shule hakiwezi kwa urahisi kutaja kabila, mtaa na kituo cha polisi. Naielewa sababu hiyo, lakini sikubali tena kwamba haina hasara. Riwaya ya Kiingereza ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, inaanza na kijana anayekimbia na kuuawa katika barabara za Nairobi wakati wa uchaguzi wa 2007, nazo ni barabara ambazo msomaji anaweza kuzitembea. Jarida la Kwani? lilitoa toleo lake la tano mwaka 2008, katika juzuu mbili, likiwa na shuhuda za watu waliokuwapo. Ukitaka kujua mkazi wa jiji aliishije msimu huo, unasukumwa kwenye Kiingereza, au kwenye Sheng ambayo, kama Chege Githiora alivyoonyesha katika kitabu chake cha 2018, ni Kiswahili cha wenyeji wa mji kuliko tunavyopenda kukiri. Kiswahili sanifu, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, kimebaki na Sagamoyo.

Ukabila kama kiima

Ningeweza kuishia kwa waandishi, lakini lawama kubwa ninaiweka kwa wahakiki, yaani sisi. Chukua mwongozo wowote wa Chozi la Heri, au sura ya nne ya tasnifu nyingi za uzamili zinazoihusu. Utakuta vichwa vya maudhui: ukabila, ufisadi, uongozi mbaya, utengano, umaskini. Chini ya kila kichwa kuna sentensi ya muundo mmoja: ukabila ulisababisha vifo, uongozi mbaya ulileta mapigano, umaskini uliwasukuma vijana katika uhalifu. Nomino dhahania za ngeli ya U- zimekuwa kiima cha vitenzi vya kuua na kuchoma. Hapa hatuna hata kisingizio cha kauli ya kutendeka, kwa sababu vitenzi vyenyewe ni vya kutenda na vya kusababisha. Mtenda amepatikana hatimaye, naye ni dhana.

Mzee Kedi, aliyetajwa na mwandishi kwa jina, katika mwongozo anakuwa “mfano wa ukabila”. Safari ambayo riwaya ilijitahidi kuifanya, kutoka ghasia iliyozuka hadi kwa jirani mwenye jina, uhakiki unaifanya kinyumenyume. Mwanafunzi anayeulizwa ni nini kilichoiteketeza nyumba ya Ridhaa akijibu “ukabila” anapata alama. Akijibu “Mzee Kedi na wenzake”, anaweza kuambiwa ametoa muhtasari na hakuchambua.

Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba uhakiki lazima upande kutoka kwa mtu mmoja hadi kwenye mfumo, la sivyo utakuwa umbea. Pingamizi hilo lina nguvu, na Kigogo inaonyesha hatari ya kumbebesha mtu mmoja kila kitu. Lakini mfumo nao una watu ndani yake. Wale 405 hawakufa kwa mikono ya ukabila; bunduki hutolewa ghalani kwa saini. Kupanda kutoka kwa Kedi hadi kwenye mfumo kungetaka tupitie vijikaratasi, aliyevichapa, aliyelipia karatasi, redio iliyotangaza, mwenye nyumba aliyeuliza “utapigia kura wapi?”, na kituo cha polisi kilichochagua kutotuma gari. Uhakiki wa maudhui unaruka ngazi hizo zote na kufika juu mikono mitupu.

Katika ufundishaji, badiliko linaweza kuanza na jambo dogo. Badala ya kuwauliza wanafunzi wajadili ukabila, tuwape ukurasa mmoja wa riwaya na kuwataka watafute kila kitenzi cha dhara, waandike kauli yake, kisha wakigeuze kiwe cha kutenda na kumjaza mtenda kutokana na ushahidi wa matini. Mahali pengine matini itajibu. Mahali pengine haitajibu, na hapo ndipo pa kumhoji mwandishi. Nimelifanya zoezi hili na darasa la mwaka wa tatu. Mabishano yalikuwa makali zaidi katika sentensi zilizoonekana nyepesi, hasa pale mwanafunzi mmoja aliposisitiza kwamba “walipoteza makao” haiwezi kugeuzwa bila kuwataja watu wa kwao.

Tangu 2023 Chozi la Heri na Kigogo hazitahiniwi tena, na zinaweza sasa kusomwa bila mwongozo. Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, usemi wa ngazini, dukani na ndani ya matatu bado haujakusanywa kwa utaratibu, na kiambishi wa- kisicho na kirejelewa kingetosha tasnifu nzima. Kura ijayo itapigwa tarehe 10 Agosti 2027. Kinasa sauti kingefaa kuwashwa miezi kadhaa kabla ya hapo, nauli zinapoanza kupanda.